UZI: Nimeenda Chanika kulala shambani kwa ajili ya ua linalonuka mzoga, sijutii nauli yangu

mpanda_mbili (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi niliuahidi kule kwenye ule wa miche na mbolea, watu wakasema niuweke peke yake maana kule tumeshahamia kwenye bei ya samadi na hakuna anayesikilizana. Haya, sogezeni viti.

Kuna dada nafanya nae kazi hapa mjini, shangazi yake ana shamba Chanika kwa mbele, mihogo, mikorosho, minazi ya kuhesabu. Vuli ilivyoanza kuchanganya yule dada akaja kazini anacheka, anasema jirani wa shangazi anatafuta oili chafu amwagie kitu kilichoota nyuma ya banda la kuku kwa sababu kinanuka mzoga na watu wameanza kuangaliana vibaya, nani kazika nini pale. Nikamwambia nioneshe picha. Kwenye picha ni ardhi tupu, jani hakuna hata la kusingizia, limetoka tu kitu kama karara la mnazi lililojifungua, kwa ndani zambarau iliyokolea inakaribia nyeusi, na katikati umesimama mchi mrefu. Mate yalinikauka. Nikamwambia mpigie shangazi sasa hivi, mwambie asiruhusu mtu yeyote asogee hapo na oili, nakuja leo leo.

Kwa wasiojua kwanini nilipagawa. Mimi kwa miaka naangalia kwenye intaneti lile jitu la Sumatra, Indonesia, Amorphophallus titanum. Wenyewe kule wanaliita bunga bangkai, yaani ua la maiti. Mtaliano mmoja anaitwa Odoardo Beccari ndio alilileta kwenye macho ya wanasayansi wa Ulaya mwaka 1878, mbegu zikapelekwa, na mwaka 1889 likachanua pale Kew, ile bustani ya mimea ya London, mara ya kwanza kuchanua nje ya kwao. Lilipochanua tena hapo hapo Kew mwaka 1926 watu walijaa mpaka polisi wakaitwa kupanga umati. Polisi, wakuu, kwa ajili ya ua linalonuka.

Na sio dogo. Linapita mita mbili, mengine yamegusa tatu. Chini yake kuna kiazi, na kiazi chenyewe sio cha kubeba begani, kule Edinburgh mwaka 2010 walipima kimoja kikatoka kilo 153.9, hiyo ni mifuko mitatu ya saruji na chenji. Sasa mtu unakaa na hicho kiazi miaka saba mpaka kumi ndio unaona ua la kwanza, halafu likifunguka lina siku moja, mbili zikizidi, limeanguka. Ndio maana wenzetu wanaacha kazi wanakimbilia bustani.

Hilo la Sumatra hatuna porini, tusidanganyane. Lakini ukoo wake, hiyo jenasi ya Amorphophallus, ina spishi kama 200 na sio zote za Asia, Afrika zipo na hapa kwetu Tanzania zipo, kwenye misitu na vichaka vya pwani zinatoka na mvua. Nilikuwa najua kwa kusoma tu. Sijawahi kuona kwa macho.

Naendelea chini, nimeshaona kuna mtu anaandika.

---

chumvi_kidogo

Hii chai. Ua linanuka mzoga? Weka picha mkuu tusipotezeane bando.

---

kitasa_kibovu

Siti ya mbele hapa. Shusha mzigo mtoa mada.

---

mpanda_mbili

chumvi tulia, picha zipo lakini zina mazingira ya shamba la watu na sijaombewa ruhusa, na kuna sababu nyingine ntaisema mbele.

Nikatoka kazini mapema, Gongo la Mboto nikabadilisha gari ya Chanika. Mnajua ile barabara saa za jioni, foleni mpaka Pugu, pale mnadani ng'ombe wanaingia, konda anagombana na abiria wa mia mbili. Nafika giza linaingia. Boda akanipeleka mpaka kwa shangazi, akanidai ya mtu mgeni nikalipa.

Shikamoo shangazi. Marahaba mwanangu, ndio wewe unayekuja kuliangalia linuka? Yaani hana hata habari, ananishangaa mimi kuliko anavyolishangaa ua. Anasema lipo hapo tangu wanahamia, kila vuli linatoka, mwaka mwingine linatoka jani tu mwaka mwingine linatoka hilo, na alikuwa anapanda mihogo kwa kulizunguka. Nikamuuliza kwanini hukulichimba siku zote hizo. Akanijibu, "Limenikosea nini?" Nikakosa cha kuongeza.

Jirani ndio mpya, amenunua kiwanja juzi juzi, ameezeka, familia imehamia, na madirisha yake yanaangalia banda la kuku. Kwa haki kabisa namuelewa. Unamaliza kujenga kwa jasho lako halafu kitu kinavunda chini ya dirisha la chumbani.

Sasa nilipofika sikunusa kitu. Nikaanza kuwa mdogo moyoni. Tumekula ugali na kisamvu, shangazi ananichora tu, ananiambia subiri. Kwenye saa mbili kupita hivi upepo ukageuka. Wakuu. WAKUU. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai nikakiweka chini. Ni mzoga, hakuna namna nyingine ya kuisema, mzoga wa siku ya pili juani, na kwa nyuma yake kuna kitu kama samaki. Halafu haiji moja kwa moja, inakuja inakata, inakuja inakata, unasema imeisha unavuta pumzi kubwa, hapo ndio inakupiga.

Nikachukua tochi nikazunguka nyuma. Ua lenyewe linanifika magoti na kupita kidogo, sio lile la mita tatu, lakini ukiliinamia limekaa kibabe. Karara limejikunja pembeni kama limejitandaza kusudi, mchi umesimama katikati unang'aa kwenye tochi kama umepakwa mafuta. Na mbawakawa! Wadogo weusi, wanatua, wanatelezea ndani, wanapotea huko chini. Nzi nao wapo, wengine wameganda kwenye ukuta wa karara wanaona tochi hawajali. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, napumua kwa mdomo.

---

mama_wawili_tabata

Jamani mimi nacheka na kuogopa. Yaani mtu unatoka mjini usiku kwenda kunusa mzoga Chanika na mkeo anajua ulipo kweli? 😂😂

---

TeachaKemia

Mtoa mada umeelezea vizuri ila ngoja niongeze kidogo kwa upande wangu maana watu wanadhani ni "harufu mbaya" tu basi.

Hilo jitu la Sumatra limeshachunguzwa sana, hewa yake ikanaswa na kupimwa. Kinachonuka nyama iliyooza ni misombo ya salfa, mkubwa wao dimethili trisalfaidi, huo huo unaotoka kwenye nyama halisi inapooza. Ile ya samaki ni trimethilamini. Kuna na asidi isovaleriki, hiyo ndio ya soksi za mwanafunzi wa bweni mwisho wa wiki, mimi naijua bila kipimo. Kwa hiyo pua ya nzi haikosei. Anachonusa ni kitu kile kile cha kwenye mzoga, tatizo mzoga wenyewe haupo.

Na kuna kitu cha pili, joto. Ule mchi unachoma akiba ya chakula iliyokuwa kwenye kiazi na unapanda joto mpaka karibu na joto la mwili wa binadamu, nyuzi 36 hivi. Joto linapandisha harufu juu hewani iende mbali, na msituni usiku mzoga wenye uvuguvugu unavutia zaidi. Joto linakuja kwa mapigo na harufu inakwenda nalo, ndio ile mtoa mada kasema inakuja inakata.

---

chumvi_kidogo

Sasa Teacha ua linapata faida gani kuita nzi? Si maua mengine yanatumia nyuki na yananukia.

---

TeachaKemia

Nyuki wana ushindani mkubwa mkuu, kila ua linawataka. Nzi wa mzoga na mbawakawa wana pua kali, wanasafiri mbali na hawana wengi wa kuwagombania. Ni soko ambalo wengine hawajalifungulia genge.

Na kwa hilo la Sumatra hawalipwi chochote. Wanakuja kutafuta mahali pa kula na kutagia, hawakuti. Wizi mtupu.

---

mpanda_mbili

Teacha ahsante, umenisaidia maana hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Ndani kabisa, ukifunua karara kwa kidole taratibu (nilifunua, sikukata), unaona maua yenyewe. Hili kubwa mnaloliona sio ua moja, ni jengo zima. Maua ni madogo madogo yamepangana chini ya mchi, ya kike chini, ya kiume juu yake. Na hayaamki pamoja. Usiku wa kwanza yanakuwa tayari ya kike, ndio uvundo unakuwa mkali, wadudu wanaletwa na kama wametoka kwenye ua jingine lililochanua jana yake wanakuwa na chavua mgongoni wanaiacha hapo. Ya kike yakishafunga ndio ya kiume yanamwaga chavua, wadudu wanatoka wamepakwa, wanaenda kudanganywa kwingine. Hivyo ua halijizalishi lenyewe kwa lenyewe.

Hapa ndio kuna shida ambayo watu wa bustani kubwa wanahangaika nayo. Lao likichanua, la kike liko tayari leo, la kiume kesho, na wana moja tu! Ndio maana wanagandisha chavua na kutumiana bustani kwa bustani, huku limechanua mwaka huu kule mwakani, mtu anapandikiza kwa brashi usiku. Porini kule Sumatra ni vibaya zaidi, misitu imefyekwa kwa mashamba, watu wanachimba viazi, mwaka 2018 likawekwa rasmi kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka na inakadiriwa yamebaki chini ya 1,000 porini. Sasa fikiria unahitaji mawili yachanue karibu karibu ndani ya siku mbili na kila moja linachanua kila baada ya miaka. Hesabu hiyo ngumu.

Nililala kwa shangazi, asubuhi nimeamka alfajiri nikaenda nyuma hata mswaki sijapiga. Harufu imekufa. Nilisogeza pua mpaka nikawa karibu nigusane nalo ndio nikapata kwa mbali sana. Juu ya mstari wa maua ya kiume umetoka unga unga, na mbawakawa mmoja mzembe alikuwa anatoka amepauka mgongo mzima. Huyo ndio nilimpiga picha nyingi kuliko ua.

Jirani akaja na kidumu chake. Kweli, sio hadithi, kaja na kidumu na kijana wa kumsaidia. Nikamsalimia, nikamwambia kaka naomba unuse. Akanusa kwa woga. Akanusa tena. Hakuna kitu. Nikamwambia imekwisha, mpaka mwakani, na mwakani huenda lisitoe ua litoe jani tu na jani halinuki. Nikamuonesha kwenye simu foleni za watu Ulaya wanapanga kuliona kaka yake na hili. Akaangalia sana ile video. Halafu akaniuliza, "Hawa wanalipa?" Nikamwambia kwingine bustani ina kiingilio, wanalipa. Akaondoka na kidumu, lakini nimeona anapiga hesabu kichwani, na hilo nalo limenitia wasiwasi wa aina yake 😅

---

msafiri_wa_kusini

Nimekuwa msomaji kimya humu kwa muda mrefu ila leo naandika. Niko Sydney nasoma. Januari 2025 lilichanua hapa Royal Botanic Garden, walilipa jina Putricia, halikuwa limechanua kwenye hiyo bustani kwa miaka 15. Mji ulichizi. Walikuwa wanalirusha laivu saa 24 na watu wanakaa wanaangalia kitu ambacho hakisogei, siku nzima, wanaandikiana komenti, darasani mwalimu ameiweka kwenye kompyuta pembeni. Wanasema walifika kama watu 20,000 kuliona na bustani ikabidi iwe wazi mpaka usiku wa manane.

Mi nikapanga foleni. Masaa. Mbele yangu wazee wamekuja na viti vya kukunja, nyuma watoto. Unafika unapewa dakika zako unapita. Na ukweli nilichelewa siku, nilipofika harufu ilikuwa imeshapungua sana, mtu wa mbele yangu alikuwa analalamika kabisa kwamba halinuki vya kutosha, yaani mtu kakasirika kwa kukosa uvundo. Mtoa mada wewe umekaa nalo peke yako usiku mzima, ukala na kisamvu. Umepata kitu ambacho hapa hakiuzwi.

---

mpanda_mbili

msafiri umenipa moyo. Na hilo la kuchelewa ndio wengi wanakosea, wanaenda mchana kupiga selfi. Kwa haya maua usiku wa kwanza ndio wenyewe, mchana wa pili unaangalia mapambo tu.

Halafu kuna ambayo hayafunguki kabisa. Chicago mwaka 2015 walikuwa na moja linaitwa Spike, watu wamesubiri, kamera zimewekwa, likagoma. Wataalamu wakaamua kulipasua karara kwa kisu mbele ya watu waone ndani kuna nini na waokoe chavua. Mwaka huo huo mwenzie anaitwa Alice akachanua vizuri tu. Kwa hiyo hata wenye vioo na mashine za unyevu wanategemea bahati kama shangazi wa Chanika.

---

babu_wa_minaki

Vijana mnaongea mambo mazuri. Mimi nimekulia Kisarawe, hiyo kitu tulikuwa tunaiona tukienda kuokota kuni msituni. Wazee wetu walikuwa wanatukataza kuligusa jani lake, shina lina madoa madoa kama nyoka, ukiliona kwenye majani unaruka. Mwenzetu mmoja alitafuna kiazi kwa ubishi akavimba mdomo, hakuongea mpaka jioni, tukamwambia mama yake kaumwa na nyuki.

---

TeachaKemia

Babu shikamoo. Huo uvimbe ni fuwele za kalisi oksaleti, zipo kama sindano ndogo sana ndani ya mmea. Na magimbi ni hivyo hivyo, ndio maana gimbi halikuiva linawasha koo. Ni familia moja hao, magimbi na hili. Hata yale maua meupe ya ofisini yenye karara moja na kamchi katikati, na ule mmea wa kutambaa watu wanaweka chooni kwenye chupa ya maji, familia hiyo hiyo. Ukiangalia vizuri ua la ofisini ni hili hili, limepunguzwa ukubwa na limenyimwa uvundo.

Na kuna ndugu yake analiwa, Wajapani wanachukua kiazi cha konjac, spishi nyingine ya jenasi hii hii, wanakisindika wanapata konnyaku na zile tambi za watu wa dayati. Lakini hicho kina namna yake ya kuandaliwa, msije mkaenda Chanika na sufuria.

---

kitasa_kibovu

Nilikuwa nimeshatafuta sufuria 😂

---

mama_wawili_tabata

Mtoa mada swali serious. Mimi nina kitu kwenye chungu barazani, nilipewa na mama mmoja wa kanisani, ni kama dungusi kakati lakini hakina miiba, minofu minofu ya kijani ina pembe nne inasimama. Mwaka juzi kikatoa ua kuuuubwa la nyota, rangi ya kama maziwa ya mgando lina mistari ya damu ya mzee na manyoya juu. Kuliangalia zuri mno. Kulikaribia utatapika. Nzi walijaa mpaka mume wangu akasema tutupe. Ndio hilo?

---

mpanda_mbili

Mama wawili hapana, hicho ni Stapelia, kwa maelezo yako Stapelia gigantea moja kwa moja. Ni familia nyingine kabisa, haihusiani na magimbi wala na dungusi, lakini imefikia ujanja ule ule kwa njia yake. Na huyo ni wa kwetu haswa, porini anaanzia Tanzania anashuka mpaka Afrika Kusini. Ua moja linaweza kufika sentimita 30 na zaidi, ni kati ya maua makubwa ya mimea ya jangwani.

Ukiangalia katikati ya nyota utakuta vitu vyeupe vidogo. Ni mayai ya nzi. Nzi anadanganyika mpaka mwisho, anataga kabisa, funza wakitoka hawana cha kula wanakufa. Huko ni kutapeliwa na watoto juu. Usitupe mama, hamishia tu chungu mwisho wa uzio kipindi cha ua, kikikauka rudisha barazani. Na ukija kukata tawi la kupandikiza kumbuka mimi nilikujibu.

---

chumvi_kidogo

Sawa nimekubali sio chai. Sasa hapa mjini kati bila kwenda shamba kuna kipi cha kunusa?

---

mpanda_mbili

Mbuyu mkuu. Oysterbay, Msasani, Masaki imejaa na mnaegesha magari chini yake. Ua la mbuyu linafunguka jioni jua likizama, jeupe, linaning'inia kichwa chini, na lina harufu nzito ya kuchacha ambayo wengi hawaipendi, na yenyewe ina salfa ndani. Mteja wake sio nzi, ni popo. Alfajiri limeshaanza kuwa kahawia linadondoka. Kaa chini ya mbuyu uliochanua saa moja na nusu jioni uangalie juu kwenye mwanga wa taa ya barabarani, utawaona popo wanavyoingia. Na mwegea nao, ule wa matunda kama soseji, maua yake mekundu ya kiza yanafunguka usiku na yana uvundo wake, popo tena.

Kihistoria pia mjini kuna kitu. Ile bustani ya mimea karibu na Makumbusho ya Taifa, pale Samora, ilianzishwa mwaka 1893 wakati wa Wajerumani na Franz Stuhlmann, yule yule wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kule Usambara. Sasa moja ya Amorphophallus za Afrika Mashariki imepewa jina lake, Amorphophallus stuhlmannii. Yaani mtu ana bustani mjini na ana ua linalonuka kwa jina lake, sijui angechagua kipi.

---

kitasa_kibovu

Mkuu tupe lokesheni ya kwa shangazi basi, vuli ijayo tuende kundi, tunachangia kosta.

---

mpanda_mbili

Hapana mkuu, na hii ndio ile sababu nyingine ya kutoweka picha. Kuna watu wananunua viazi vya hii mimea kwa ajili ya kukusanya, huko nje ni biashara, na kiazi kikishang'olewa pale hakirudi. Shangazi hana uzio. Nikiweka hapa leo, wiki ijayo kuna mtu na jembe.

Lakini nimeongea nae. Amesema likitoka tena atapiga simu, na wanaotaka kwenda waende wachache wachache, waje na sukari na sabuni kama wageni wengine, wasikanyage mihogo. Jirani mwenyewe ameshamwambia shangazi kwamba yeye atakuwa mlinzi. Sijui wa kulinda ua au wa kulinda mlango wa kiingilio, tutaona.

Jani limeshaanza kutoka, limepenya pembeni ya pale ua lilipolala, shina la madoa kama babu wa Minaki alivyosema. Kazi ya jani ni kula jua na kujaza kiazi, likimaliza linanyauka na hapo juu unakuta ardhi tupu, ndio kipindi watu wanalima juu yake bila kujua. Kwa hiyo nimemuomba shangazi achomeke vijiti vinne.

---

dogo_wa_kigamboni

Mkuu nimekutumia picha inbox, naona nyumbani ninalo, karibu na kisima, majani makubwa matano, shina halina madoa.

---

mpanda_mbili

Dogo nimeiona. Hilo ni gimbi pori. Angalia jani, lako ni zima kama moyo na yako mengi kutoka shina moja. Hili letu linatoa jani moja tu kwa msimu, juu linagawanyika pande tatu halafu kila upande unachanika vipande vipande, kwa mbali utadhani ni mche wa mpapai umekaa peke yake. Zunguka upande wa vichaka, sio kisimani, na uangalie sasa hivi wakati mvua bado ipo maana kiangazi hutaona kitu. Ukilipata usichimbe, piga picha ya shina na jani zima unitumie.